Karibu Haikuwa Yake

Mwalimu Kidawa Mrisho alikuwa amewafundisha wanawake wa mikoa mingi namna ya kumwangusha mwanamume chini, na hakuwa amemgusa hata mmoja wao. Wala nyuso zao hakuzijua. Aliwajua kwa vivuli vyao, vile vivuli vya rangi ya majivu vilivyojipanga ukutani kwake Korogwe kila jioni, kila kimoja kikiletwa na kizibao alichokivaa mwenyewe huko aliko. Mama Chiku wa Mpwapwa alikuwa kivuli kinene chenye kucheka hovyo. Tumsifu wa Njombe alikuwa kivuli kilichojikunyata kwa baridi hata wakati wa kupigana. Mwajabu wa Kondoa alikuwa kivuli chembamba, kilichonyooka, kisichopenda kurudi nyuma, na Kidawa alikipenda kuliko vyote ingawa mwalimu hatakiwi kusema hivyo.

"Tena," alisema. "Vidole vimekunjwa nyuma, kiganja mbele, unapandisha kutokea chini mpaka chini ya pua. Mama Chiku, ukisema samahani tena nakutoa darasani."

"Samahani, Mwalimu," alisema Mama Chiku, na ukuta mzima ukacheka.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake ya kwanza, wanawake wazima wanaoiomba radhi hewa kila wakiipiga. Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Homa ya ngozi ilikuwa imekwisha miaka mingi, lakini Amri ya Mkono ilibaki: humgusi mtu asiyeandikwa kwenye kadi ya kaya yako. Watu walisalimiana kwa kuweka kiganja kifuani na kusimama mbali. Wasichana wa umri wa Mwajabu walikuwa wamekua bila kusukumana bombani, bila kusukwa nywele na jirani, bila kubebana mgongoni wakicheza. Uzito wa mwili wa mtu mwingine waliusikia kama tunavyosikia habari za theluji.

Serikali ilijisifu kwamba tangu amri ile hakuna mwanamke anayeshikwashikwa njiani. Ilikuwa kweli. Mikono yote ya nje ilikuwa imefungwa, ikabaki ya ndani, na ya ndani hakuna aliyekuwa na shughuli ya kuihesabu. Wanawake waliokuja kwa Kidawa hawakumwogopa mgeni. Wageni walikuwa hawapo tena.

"Mwajabu, kiwiko chako kimetoka nje," alisema Kidawa. "Hodi."

"Karibu, Mwalimu."

Bangili za kuongozea vizibao mikononi mwa Kidawa zikambana kidogo, dalili kwamba mlango umefunguka. Akauvuta mkono wake mwenyewe taratibu kuelekea ubavuni, na kule Kondoa nyuzi za kizibao zikauvuta mkono wa Mwajabu vivyo hivyo, kiwiko kikaingia mahali pake.

"Umeona?"

"Nimeona. Kumbe ni karibu hivyo na mbavu."

"Ndiyo hapo. Asante, basi."

Aliposema basi, nyuzi zikalegea, na mkono wa Mwajabu ukawa wa Mwajabu tena.

*

Vizibao vile alivitengeneza Eliapenda, fundi wa Arusha, mwanamke mwenye kusema haraka na kukasirika haraka zaidi. Ndani ya kitambaa alikuwa amelaza nyuzi nyembamba zinazojikunja zikipitishiwa umeme, zikifuata misuli ya mabega na mikono. Nyuzi hizohizo ziliweza kuhisi. Mtu akikugusa, mahali palipoguswa pangewaka kwenye kivuli chako ukutani kwa mwalimu, manjano kwa mguso mwepesi, nyekundu kwa mguso mzito. Kwenye sikio mwanafunzi alivaa kidude kidogo cha kusikia na kusemea. Kamera Eliapenda alikuwa ameikataa tangu mwanzo, kwa sababu wanawake wengi walijifunza kwa siri na hawakutaka sura zao zihifadhiwe popote.

Kuhusu ufunguo, yaani neno la kumruhusu mwalimu kukiongoza kizibao, walikuwa wamegombana wiki nzima. Eliapenda alitaka neno la ajabu lisilotamkwa na mtu, mseto wa matunda na namba. Kidawa alikataa katakata.

"Mtu haingii kwa mwenzake kwa kutaja zambarau," alisema. "Mwili wa mtu ni nyumba yake. Nitapiga hodi, naye atanikaribisha. Asiponikaribisha nitabaki nje."

"Hodi ni neno la watu wote, dada Kidawa."

"Nani anapiga hodi siku hizi? Taja mmoja."

Eliapenda alifikiri, akakosa wa kumtaja. Ilikuwa kweli kwamba kipindi kile hakuna aliyemtembelea mwenzake. Neno hodi lilikuwa limebaki vinywani mwa wazee na kwenye masomo ya shule. Basi wakakubaliana hivyo: kizibao kikisikia hodi, kisha kikasikia karibu kwa sauti ya mvaaji, kinafungua. Wakajaribu, kikafanya kazi, wakapongezana kwa simu kila mtu akiwa jikoni kwake. Mwaka uliofuata amri ililegezwa, ndugu na mashemeji wakaruhusiwa kuandikwa kwenye kadi za kaya, na watu wakaanza tena kutembeleana. Hakuna kati yao wawili aliyelikumbuka lile neno.

Baadaye wafanyabiashara walimfuata Eliapenda. Walitaka kizibao kinachopigana chenyewe, kinachohisi mkono wa adui na kujibu kabla mvaaji hajajua lolote. Eliapenda hakuwa amekataa.

"Kuna watakaookoka," alimwambia Kidawa. "Mwanamke akizibwa mdomo, hiyo karibu yako ataisema na nini?"

"Sijui."

"Akipoteza fahamu?"

"Nimesema sijui. Lakini anayeamka na kukuta mkono wake umefanya jambo yeye hayupo, huyo tumemfundisha nini? Si anajua hayo tayari? Amekuja kwetu kwa sababu hiyohiyo."

Aliyasema hayo akiamini kila neno, na ni haki yake tumwandikie hivyo.

*

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Mwajabu aliomba somo la peke yake, kwa kuwa mumewe Athumani alikuwa kazini kwenye mashamba ya umeme wa jua huko Kishapu na nyumba ilikuwa tulivu. Somo lilikuwa la kungoja, gumu kuliko yote.

"Akikushika mkono, usivute," alisema Kidawa. "Ukivuta umeingia kwenye mchezo wake. Tulia. Mwache avute yeye, aegemee, akupe uzito wake. Akishakupa hawezi kuurudisha upesi, na hapo ndipo unapoingia na kiganja."

"Nitajuaje kwamba ameshanipa?"

"Utajua."

Kidawa alijibu bila wasiwasi. Yeye alijua kwa sababu ujana wake ulipita kwenye mikeka ya judo, akishikwa na kushika, kabla ya homa. Alisahau kwamba jambo hilo haliwezi kuelezwa kwa mtu ambaye hajawahi kuegemewa.

Ndipo sauti ya mwanamume ikaingia kwenye spika, ya mbali kidogo, ya mtu aliye mlangoni.

"Hodi. Hodi humu ndani."

Kivuli cha Mwajabu kilishtuka. Kidawa alisikia kanga ikivutwa kuficha kizibao.

"Ni shemeji Hashimu," Mwajabu alinong'ona. "Mwalimu, usikate." Kisha akapaza sauti, sauti ile ya heshima ambayo kila mke aliyelelewa anayo tayari kinywani. "Karibu, shemeji."

Bangili zikambana Kidawa mikononi.

Alizitazama kama mtu aliyeshikwa na mgeni. Halafu akaelewa. Kizibao kilikuwa kimesikia hodi, kikasikia karibu kwa sauti ya mwenyewe, kikafungua kama kilivyofundishwa. Karibu ile haikuwa yake. Alitakiwa kusema basi tu, neno moja, mlango ufungwe. Alifungua kinywa kulisema, na hakulisema.

"Kaka yako hayupo, shemeji," Mwajabu alikuwa akisema. "Keti nikuletee maji."

"Najua hayupo. Nani kasema nimekuja kunywa maji?"

Kwenye kivuli, kifundo cha mkono wa kulia kikawaka manjano. Kikawa chekundu.

"Niachie, shemeji."

"Una haraka ya nini? Kwani mimi ni mtu baki? Jina langu halimo kwenye kadi yenu?"

Alama nyingine ikawaka, begani, karibu na shingo, nayo nyekundu. Kivuli hakikuvuta. Hakikurudi nyuma wala hakikwenda mbele. Kilisimama tu, na pembeni mwa ukuta mstari wa mapigo ya moyo ulikuwa ukikimbia.

Ameganda, Kidawa alijiambia. Alikuwa ameona vivuli vingi vikiganda hivyo, wanawake wenye nguvu wanaosahau yote waliyojifunza pindi mkono wa kweli unapowafikia.

"Mwajabu," aliita kwa sauti ndogo kwenye sikio lake. "Hodi, Mwajabu. Nasema hodi."

Hakujibiwa. Na angejibiwaje, yule mtu akiwa amesimama palepale? Kidawa alijua hivyo hata alipokuwa anaita. Alama ya begani ikasogea, ikateremka kifuani.

Anayetaka kumlaumu Kidawa na amlaumu hapa, maana alikuwa na muda wa kufikiri na alifikiri. Aliiona waziwazi njia mbili. Akae nje ya mlango ambao hakukaribishwa, asikilize. Au aingie kwa karibu aliyopewa mwingine. Aliona pia kwamba hiyo karibu hata yule mwingine hakupewa kwa hiari, na kwamba akiitumia atakuwa amesimama upande uleule aliosimama Hashimu. Yote hayo aliyaona. Kisha akasonga hatua moja mbele sebuleni kwake Korogwe, akakunja vidole, na akapandisha kiganja kwa nguvu zake zote.

Kule Kondoa mkono wa Mwajabu ukaenda. Kidawa alisikia kishindo, kilio cha mwanamume, kiti kikianguka. Alama nyekundu zikazimika zote kwa pamoja.

"Toka nje," alisema. "Toka sasa hivi, nenda kwa jirani."

Alisikia mlango, miguu, pumzi ya mtu anayekimbia. Akaita jina lake. Akaita tena. Kisha kivuli ukutani kikanywea, kikaanguka chini kikiwa kitambaa kitupu, maana Mwajabu alikuwa amekivua kizibao na kukitupa.

Kidawa alikaa sakafuni akalia kwa furaha. Machozi yalipokauka alimpigia Eliapenda.

"Nimemwokoa," alisema. Akamsimulia yote.

Eliapenda, msema haraka, aliuliza polepole. "Alisema karibu?"

"Alisema."

"Alikuambia wewe?"

Kidawa akasema mtandao unasumbua, akakata.

*

Zilipita siku kadhaa kabla Mwajabu hajapiga simu. Alikuwa Babati kwa mama yake mdogo. Sauti yake ilikuwa ya adabu, na adabu ile ilimtisha Kidawa kuliko matusi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenitia wasiwasi. Hujaumia?"

"Sijaumia. Nataka kujua utaratibu wa kurudisha kizibao."

Kidawa aliuliza kwa nini, ingawa alikuwa na jibu tayari na alikuwa amelala nalo siku zote hizo.

"Siku ile uliingia," alisema Mwajabu.

"Kizibao kilisikia karibu. Ni kosa letu, mimi na fundi, na tayari tunalirekebisha. Lakini nilipoona umeganda..."

"Sikuganda."

Kidawa akaibana simu sikioni.

"Nilikuwa nangoja," alisema Mwajabu. "Si ndivyo ulivyonifundisha dakika tano kabla yake? Alikuwa anavuta. Nilikuwa nasikia anavyoanza kuegemea, nikajiambia bado, bado kidogo. Niliogopa, sikatai. Lakini nilikuwepo pale, Mwalimu, nilikuwa na akili zangu zote. Mara mkono wangu ukaondoka. Niliutazama ukienda. Nilimpiga mtu na mimi simo."

"Nilisikia unasema niachie. Nikaona mkono wake unakoelekea."

"Mimi ndiye niliyekuwa naona unakoelekea. Mwili ni wangu." Kwa mara ya kwanza aliiacha ile adabu. "Ile karibu nilimwambia shemeji, na kwake pia sikuisema kwa moyo. Shemeji akipiga hodi unamjibu nini? Basi siku ile mliingia wawili."

Kuna maneno yanayompata mtu mahali ambapo hajajikinga. Kidawa alitafuta pa kukaa.

"Na sasa Hashimu anasema Kondoa nzima kwamba aliyempiga ni mashine," Mwajabu aliendelea. "Alikiona kizibao, kanga ilianguka. Ofisi ya kata wamesema ni mambo ya kifamilia, tuyamalize nyumbani. Athumani ananiambia nikae huku mpaka apate likizo. Kila mtu ananihurumia. Hashimu anawaambia watu, ngojeni nimkute bila lile likoti lake. Na mimi nikijiuliza usiku, sina cha kumjibu. Ile nyumba matofali yake nimeyafyatua mimi, Mwalimu, nataka kurudi. Lakini sijui kama ningemweza. Hilo ndilo ulilonichukulia. Sitajua."

"Naweza kukufundisha upya. Bila hodi, bila nyuzi, kwa maneno tu."

"Kumpiga nani? Hewa?"

Alimuaga kwa heshima na kukata.

Kidawa alikaa na simu mkononi. Angeweza kujitetea. Alikuwa na hoja nzuri, na yoyote kati yetu angemkubalia: mkono wa yule mtu ulikuwa unashuka, dakika moja zaidi ingeweza kuwa dakika mbaya, na mwalimu gani angekaa akatazama? Alizipanga hoja zote, akaziona ni za kweli, na hazikumsaidia kitu. Binti yule alikuwa anasema kweli pia.

Asubuhi alimwambia Eliapenda anakwenda Babati.

"Kufanya nini?"

"Kumpa wa kumpiga."

"Huyo si wa kaya yako. Mtu mmoja akiwaona, leseni yako ya kufundisha imekwenda, na darasa zima limekwenda nayo. Mama Chiku, Tumsifu, wote. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria. Wengine utawatafutia mwalimu. Wewe na vizibao vyako vinavyopigana vyenyewe na wafanyabiashara wako, hutakosa." Kisha akajutia maneno hayo. "Nisamehe. Lakini nimemchukulia mtu kitu, Eliapenda, na hakirudishwi kwa mtandao."

*

Mama mdogo wa Mwajabu aliitwa Siwema, na alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, akipepeta alizeti juu ya turubai. Alimkagua Kidawa kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Wewe ndiye mwalimu wa ukutani?"

"Ndimi."

"Nilidhani u mrefu."

Mwajabu alitoka jikoni akakomea mlangoni. Kila mmoja akaweka kiganja kifuani pake, hatua kadhaa kati yao kama amri inavyotaka. Kidawa aligundua kwamba hakuwa amewahi kuiona sura hii. Alikuwa na macho makubwa, mazito, yasiyopepesa ovyo, na kovu dogo juu ya nyusi. Aliijua mizani ya miguu yake na urefu wa pumzi yake, na kama wangepishana sokoni angempita. Aliona aibu.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Na nimekuja unishinde, ukiweza. Nitakushika kama alivyokushika. Sitakuonea huruma, maana nikikuhurumia utakuwa umejifunza uongo. Ukishindwa utajua. Ukiniweza utajua. Lakini ni wewe wa kusema. Ukisema hapana, nitakunywa chai ya mama mdogo nirudi zangu."

"Nani kakuambia nina chai?" alisema Siwema.

Mwajabu alitazama ua wa jirani, ambao ulikuwa wa mabua na una matundu. "Wakituona, je?"

"Watakuwa wameniona mimi. Wewe utakuwa umeshikwa."

"Macho yangu yana ukungu tangu mwaka juzi," alisema Siwema, akageuka na kigoda chake akawapa kisogo. "Mimi naona alizeti tu."

Mwajabu alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akaifunga kanga kiunoni, akasogea katikati ya ua, akanyoosha mkono wa kulia.

"Nishike," alisema.

Kidawa akamshika. Tangu amzike mama yake hakuwa amegusa mtu, na alikuwa amesahau kwamba ngozi ina joto. Kwa nukta moja alitaka kusimama tu vile, asifanye lolote. Kisha akabana kwa nguvu na kumvuta.

Mwajabu hakuvuta. Alisimama kama kilivyosimama kivuli siku ile, kimya, bila kwenda mbele wala nyuma. Kidawa akaupeleka mkono wa pili begani. Akavuta zaidi. Akamtazama usoni, na hapo akaelewa, maana macho ya binti yule hayakuwa ya mtu aliyeganda hata kidogo. Yalikuwa yametua kwenye bega lake, yanafuata, yanapima. Kumbe siku ile yalikuwa hivi. Vivuli havina macho, na yeye miaka yote alikuwa amewasoma wanawake bila macho yao akidhani amewasoma.

Alitamani kulegeza. Hakulegeza. Alivuta kama mtu mwenye nia mbaya, akaegemea, na uzito wake ukamtoka.

Hakukiona kiganja. Aliona mbingu ya Babati, nyeupe kwa jua, kisha akasikia turubai likimpokea na alizeti zikiruka pande zote. Pua yake ilikuwa inavuja damu. Mgongo ulikuwa unalia.

"Ameumia?" aliuliza Siwema, bado amewapa kisogo.

"Nimeumia," alisema Kidawa kutoka chini.

Mwajabu alikuwa amesimama juu yake, akiutazama mkono wake mwenyewe, akiugeuza, kiganja na mgongo wa kiganja. Kwenye ua wa mabua kulikuwa na jicho la mtu, kisha likaondoka mbio.

"Alikuwa amebakiza kidogo tu," alisema Mwajabu taratibu. "Siku ile. Hatua moja tu."

"Najua."

"Ningemwangusha."

"Ungemwangusha," alisema Kidawa. "Mimi ndiye niliyekukatiza."

Ndipo Mwajabu akalia. Kilikuwa kilio cha hasira, cha sauti, na Kidawa alibaki chini akijishikilia pua na hakumwambia nyamaza. Hakuwa na haki ya kumwambia. Siwema aligeuka, akaokota alizeti zilizomwagika moja moja, akawaacha.

Kilio kilipokwisha, Mwajabu alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Aliinama, akamshika mwalimu wake mkono, akamwinua mpaka akasimama, na hakuharakisha kumwachia.

"Mama mdogo," alisema, "kesho asubuhi narudi kwangu."

Siwema alimtazama, akamtazama yule mwalimu mwenye damu mpaka kidevuni, kisha akaingia ndani kumtafutia Mwajabu mfuko wa kubebea nguo.